Daktari wa Kila Kitu

Daktari wetu anang'oa meno, anazalisha, anafunga plasta, na jenereta likizima analifungua mwenyewe huku akilitukania ukoo mzima. Ana mikono minene kama ya mwashi. Sisi wauguzi hutufokea, wagonjwa huwanong'oneza. Asilolijua halifichi: "Hili sijui, baba, ngoja nisome," kisha hufunua buku lake lililochakaa mbele ya mgonjwa, bila haya.

Juzi mchana wakamleta fundi wa paa aliyeanguka, midomo imebadilika rangi, kifua upande mmoja hakipandi. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mto, nao ulikuwa umefurika. Mtandao kwetu hupatikana dirishani tu, basi tukasukuma kitanda mpaka pale, nikapanda kwenye benchi nikiinua simu yenye sauti ya bingwa wa upasuaji wa huko ng'ambo.

"Mleteni huku," bingwa akasema.

"Aje akiogelea?" daktari akafoka. "Nielekeze, ndugu yangu, anakata roho!"

Akaelekezwa. Akahesabu mbavu kwa kidole, mara mbili, akachoma sindano nene. Hewa iliyonaswa kifuani ikafyuka kama ya tairi lililotobolewa. Fundi akavuta pumzi ndefu, na neno lake la kwanza lilikuwa tusi.

Mama yake, aliyekuwa amejibana ukutani, akamuuliza daktari, "Mwanangu, hii umeshaifanya mara ngapi?"

"Pamoja na ya leo, mama?"

"Ee."

"Moja."

Mama akacheka hadi akaketi sakafuni, kisha akalia. Daktari akaketi naye palepale chini. Sisi tulidhani anambembeleza. Kisha akatunong'oneza sisi wauguzi, "Niinueni."