Beki wa Kushoto wa Ghorofa ya Pili

Taarifa ya kifo cha mwalimu wetu wa michezo ilinifikia nikiwa kazini, kwenye mapokezi ya hoteli moja ya Al Rigga, hapa Dubai, wageni wamepanga foleni na masanduku yao. Rafiki niliyesoma naye alinitumia tangazo kwenye simu. Lilitoka kwenye klabu ya zamani ya mwalimu huko Uskoti, nalo lilikuwa na mistari minne tu: kwamba aliichezea klabu hiyo misimu kumi na tisa, kwamba hakuwahi kuchezea nyingine, na kwamba ataendelea kuwa mfano wa uaminifu. Kuhusu Dubai, alikoishi miaka mingi kuliko hiyo, hapakuwa na neno.

Zamu yangu ilipokwisha sikwenda nyumbani. Nilitembea mpaka mtaa wa Al Baraha, nikasimama mbele ya jengo nililokulia. Bado lipo, ila limechoka. Rangi imebanduka, na kwenye baraza letu la ghorofa ya pili zimeanikwa sare za walinzi, shati juu ya shati. Kijana mmoja wa Kenya aliyekuwa akitoka kwenda kazini aliniuliza, "Unatafuta nani, sista?" Nikamwambia simtafuti mtu, nilizaliwa humu. Akatazama juu nilikokuwa nikitazama, akasema nyumba ile sasa wanalala watu kumi na mbili. Kisha akaniaga, akakimbilia basi lao.

Laiti ungeliona jengo lile enzi zetu. Asubuhi tuliamshwa na adhana za misikiti mitatu, kila mmoja ukianza nyuma ya mwenzake kidogo. Mchana ulikuwa wa viyoyozi vya dirishani, vikinguruma na kudondosha maji kwenye makopo ya maziwa ya unga, na chini kwa dobi pasi ikifoka mvuke. Bibi yangu, ambaye baba alimleta kutoka Unguja ili atulee, aliendesha nyumba kama vile hajatoka kwao. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele, kumenya vitunguu thomu, na kupandisha nguo juu ya paa kabla jua halijawa kali. Alhamisi jioni alikaanga kaimati, harufu ya iliki ikashuka ngazi mpaka kwa dobi. Na kabla sisi hatujaonja, sahani moja ilifunikwa kitambaa, nikatumwa nayo mlango wa pili.

Mlango huo ndio ulikuwa wa mwalimu. Alikuwa Mskoti mrefu, mwekundu wa jua, aliyeishi peke yake. Chumbani mwake mlinuka dawa ya kuchua, kwa sababu ya goti lake la kulia. Sahani ya bibi hakuirudisha tupu hata mara moja. Aliweka biskuti za siagi alizoletewa na dada yake kutoka kwao. Yeye alizungumza Kiingereza, bibi alizungumza Kiswahili, na sijui walielewana vipi, lakini walielewana. Alimwita bibi "Mama". Bibi alimwita "mwanangu", ijapokuwa hawakupishana sana umri.

Habari za maisha yake ya mpira alinisimulia vipande vipande, mimi nimeketi kizingitini, yeye akichua goti. Alizaliwa katika mji mdogo wa pwani, mji wa samaki na mvua. Akiwa na miaka kumi na tano klabu ya mji ilimchukua, akaanza kwa kusafisha viatu vya wachezaji wakubwa. Baadaye akawa beki wa kushoto, akakaa hapo misimu kumi na tisa. Walishuka daraja akiwemo, wakapanda akiwemo, wakashuka tena. Kombe hawakulipata. Fainali moja tu waliifikia, wakafungwa dakika ya mwisho kwa mpira uliompita yeye, na aliniambia kila alipofumba macho aliuona ukipita. Goti lilipoharibika, daktari wa timu alimchoma sindano kabla ya mechi asisikie maumivu, akacheza hivyo misimu mitatu.

Sehemu niliyoipenda mimi ni ile ya klabu kubwa ya Uingereza. Walimtuma mtu na gari jeusi kuja kumchukua. Mwalimu alisema alimjibu yule mtu maneno mawili, "Nina timu," akarudi mazoezini. Nilimwomba anisimulie tena na tena. Mwisho wake haukuwa mzuri hivyo. Kocha mpya alikutana naye kwenye korido karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, akamwambia hawatamhitaji tena. Wakampa saa ya ukutani. Mwaka uliofuata akaja Dubai kufundisha, na mwishowe akawa mwalimu wa michezo shuleni kwetu.

Nyuma ya jengo palikuwa na kiwanja cha mchanga kilichokuwa hakina mwenyewe, au mwenyewe alikuwa hajakikumbuka. Baada ya alasiri, joto likipungua, mwalimu alitukusanya watoto wa jengo: Wasomali, Wapakistani, Wasudani, na sisi Wazanzibari. Msichana nilikuwa mimi peke yangu. Akanipa nafasi yake, beki wa kushoto, na jezi nambari tatu aliyoishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Alinifundisha nisimtazame mtu usoni, nitazame mpira, kwa kuwa uso hudanganya. Kiarabu alichokijua kilikuwa cha kufungia mazoezi: "Yalla, khalas," yaani haya, imetosha, twendeni nyumbani. Tulirudi na mchanga mpaka masikioni, bibi akatusimamisha nje mlangoni atukung'ute kwanza.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kocha wa shule moja ya mpira huko Al Barsha aliniona kwenye mashindano ya shule. Akaja nyumbani kuzungumza na baba. Kwao kulikuwa na nyasi, taa, basi la kutuchukua na timu ya wasichana peke yao. Baba alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, na nikakaa wiki nzima bila kumwambia mwalimu.

Ijumaa ilifika ambayo tulikuwa tucheze na watoto wa mtaa wa nyuma, na basi la Al Barsha lilikuwa linakuja saa hiyo hiyo. Nilijificha chumbani kwa bibi, nikajifunika shuka, nikamwomba aseme ninaumwa. Mwalimu akagonga. Bibi alisimama katikati ya chumba, mikono yake imejaa unga.

"Mtu huyu anakula chakula changu," akasema. "Mimi siwezi kumdanganya. Toka ukamwambie mwenyewe."

Nikatoka. Nilimwambia huku natazama viatu vyake. Nilingoja anikasirikie, mtu aliyekaa klabu moja maisha yake yote ana haki ya kunikasirikia. Akaniuliza kama huko kuna nyasi kweli. Nikasema ndiyo. Akajishusha taratibu akaketi kwenye ngazi, mguu mbovu ameunyoosha.

"Yule mtu aliyekuja na gari, sikumjibu lolote," alisema. "Nilijificha kwenye stoo ya jezi mpaka akachoka kunisubiri. Watu wakasema mimi ni mwaminifu, nami nikawaacha waseme. Nilikuwa naogopa, basi. Wewe nenda."

Nikaingia ndani kuchukua mkoba wangu. Bibi aliniuliza amesema nini, nikamfasiria. Aliendelea kukanda. Kisha akasema masikini, na kwamba leo sahani yake iwe ile kubwa. Lakini siku hiyo sikuipeleka mimi. Nilikuwa tayari ndani ya basi. Timu yetu ilifungwa sita bila, nafasi yangu akiwa amecheza kipa wetu wa akiba aliyeogopa mpira.

Al Barsha nilidumu mwaka mmoja na nusu. Wasichana walipungua, wengine wakahama na wazazi wao, na siku moja basi halikuja. Nilipopiga simu, nikaambiwa timu imevunjwa. Kufika hapo kile kiwanja cha mchanga kilikuwa kimezungushiwa mabati na mashine zinachimba msingi. Mwalimu alikuwa akipanda ngazi kipandio kimoja kimoja, akipumzika kila ghorofa. Tulisalimiana kila siku. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba timu ilivunjwa, naye hakuniuliza kwa nini basi halionekani.

Miaka miwili baadaye shule yetu ikapata wamiliki wapya, nao wakataka walimu vijana. Mwalimu alimwambia baba kwamba mkuu wa shule alimkuta kwenye korido na kumweleza hapo hapo, na kwamba mara zote mbili alizoachishwa kazi maishani mwake imekuwa kwenye korido. Hapa kazi ikiisha, na kibali cha kuishi kimekwisha. Akapewa siku thelathini za kuondoka nchini. Siku ya safari yake nilikuwa sinema na marafiki, kwenye jengo la maduka. Baba alinipigia akasema mwalimu anaondoka saa kumi, bibi amemfungia halua, yeye mwenyewe ameniulizia. Nikasema nakuja. Filamu ilikuwa bado inaendelea, nikaketi mpaka ikaisha.

Nilipofika, mlango wake ulikuwa wazi na mafundi wawili wanapaka rangi nyeupe. Ile harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imekwisha kabisa. Bibi hakunigombeza. Alinisogezea sinia la mchele nichague, akakaa kando yangu, tukachagua mpaka tukamaliza.

Bibi naye hayupo sasa. Watoto wa kiwanjani wametawanyika, kila mtu na nchi aliyorudishwa au aliyoikimbilia, na wengi wetu hatujui wengine wako wapi.

Usiku ule wa tangazo niliiandikia klabu yake kuwaambia kwamba alikuwa mwalimu wetu. Mama mmoja wa ofisini alinijibu kwa upole. Alisema mwalimu aliishi na dada yake mpaka dada akafa, kisha akahamishiwa nyumba ya wazee. Jumamosi alipoweza alikwenda uwanjani kwa tiketi kama watu wengine, kwa sababu vijana wa getini hawakumjua. Mazishini walikuwa watu kumi na mmoja. Akasema wanataka kuweka ubao ukutani wenye picha za maisha yake tangu utotoni, na kwamba ya Dubai hawana hata moja. Je, mimi ninayo?

Nilipekua albamu zote za bibi. Nikamwuliza baba, nikawauliza niliosoma nao. Zipo picha za Idi, za harusi, za nguo zilizoanikwa juu ya paa. Tuliishi naye mlango kwa mlango miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpiga picha.

Nikamwandikia yule mama kwamba hatuna. Akajibu kuwa nisijali. Kwa miaka hiyo wataandika tu kwamba aliishi ng'ambo.