Kiwavi Kwenye Kichupa

Usiniamini ukipenda, ila usiniambie niliota. Ilikuwa mchana kweupe, Riyadh, na nilikuwa macho kuliko siku zote, maana usiku kucha sikupata usingizi kwa mawazo.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, bado kwenye majaribio, nikiwa na shahada ya kilimo na wasiwasi wa kutosha watu watatu. Tulitunza bustani za majumba. Kwenye jumba moja nyasi zilikuwa zinakauka mabaka mabaka, na bosi alishasema: jioni isipite bila kumjua mdudu anayezila, la sivyo halas, narudi kwetu. Ningemwambia nini mama, aliyeuza shamba nisome?

Viwavi wanaojificha kwenye mashina ya nyasi unawatoa kwa maji ya sabuni. Wanapanda juu wenyewe. Msimamizi wangu, kaka Faki, Mpemba, akaniona na ndoo.

"Daktari wa nyasi, sema bismillahi kabla hujamwaga. Humo chini mna wenyewe."

"Kaka Faki, hii sabuni ya vyombo tu."

"Haya, msomi. Wakikujia usiniite."

Akaenda kulala garini, kwani jua likiwa kali vile haturuhusiwi kufanya kazi nje. Mimi ningelalaje?

Nikamwaga, bila bismillahi. Viwavi wakaibuka, wakijinyonganyonga. Nikaokota mmoja, nikamtia kwenye kichupa cha spiriti, nikakiweka mfukoni mwa shati. Kuinua kichwa, mwanamke amepiga magoti mbele yangu.

Geti lilikuwa limefungwa. Alipita wapi? Abaya yake imelowa povu hadi kiunoni, macho mekundu, yanachuruzika. Alikuwa akiwaokota viwavi mmoja mmoja, akiwapangusa kwa ncha ya mtandio, akiwalaza mapajani. Kisha akasema kwa Kiswahili, wallahi, Kiswahili cha kwetu Tanga:

"Mwanangu, hata hodi?"

"Shikamoo," nikasema. Ndilo lililonitoka.

"Amebaki mmoja. Hujamwona?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko. Nikamuwaza bosi. Nikamuwaza mama. Nikawaza pia kwamba kiwavi ameshakufa, kumtoa kutasaidia nini?

"Sijamwona, mama."

Hakunitazama usoni. Alitazama mfuko. "Basi nitamngojea kwako."

Nikapepesa macho: hakuna mtu, hakuna kiwavi, nyasi hazina hata tone la maji. Kaka Faki alinikuta nalia.

Jioni bosi akapata kichupa chake, tukapiga dawa iliyofaa, nikathibitishwa kazini. Nyasi zile leo ni kijani. Mimi niliomba uhamisho, niko Jeddah, namwagilia mimea ya vyungu maofisini. Lakini kila adhuhuri mfuko wa shati unalowa povu. Nikabadilisha mashati. Nikaacha mashati yenye mifuko. Sasa panalowa kifua chenyewe, na chini ya ngozi kuna kitu kidogo kinajisogeza, kama kinasikia kinaitwa.

Wewe unayesoma, ukikutana na mama anamtafuta mwanawe, na unajua alipo, mwambie. Hata kama ameshakufa. Hata kama wewe ndiye uliyemuua.