Sabuni ya Sinia la Bibi Harusi

Ulikuwa mwaka ule wa muhogo. Unga wa mahindi ulikuwa haushikiki, na Jomvu Kuu nzima tukawa twala muhogo: asubuhi wa kuchemsha, mchana wa nazi, jioni wa kukaanga kwa pilipili na ndimu. Hata paka wangu alijifunza kula muhogo. Mwaka huo ndio alioposwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza.

Mimi hupika sabuni. Shule nilitolewa darasa la tatu nikalee wadogo zangu, lakini sabuni yangu ya mafuta ya nazi watu hutoka Changamwe kuja kuifuata. Na kwetu, sinia la bibi harusi, lenye udi, marashi na sabuni, hutangulia kwa mume kabla yake mwenyewe, na kina mama wa kule hulifunua wakatazama kimoja kimoja. Kila msichana aliyeolewa kutoka nyumba hii, sinia lake lilibeba sabuni yangu. Nyeupe. Hakuna aliyelalamika.

Safari hii mkaza mwanangu, mamake bibi harusi, akaja na neno.

"Mama, nyeupe imepitwa. Twataka ya waridi, ifanane na leso za sare."

"Sabuni ya kuoga au ya kuvaa?"

"Mama nawe!"

Nikasema haya. Kiburi ndicho kilichonijibia. Nikachukua choya, yale maua mekundu ya sharubati, nikayachemsha mpaka maji yakawa kama damu. Nikayatia kwenye mafuta na kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, nikakoroga. Wallahi, wekundu ulikaa muda wa mtu kupiga chafya. Ukawa zambarau, ukawa kijani, ukaishia rangi ya mtaro wa Changamwe malori yakishapita. Na nazi nilizikuna kwa mikono yangu hii!

"Mama, hii ni sabuni au udongo?" mkaza mwanangu akauliza, amesimama mlangoni.

Nikafikiri kama tufikirivyo wanawake wa hapa. Hina ikikataa kukoza, waikamulia ndimu. Nimekoza hina hivyo umri wangu wote. Nikajaribu kwanza kikombeni, choya na ndimu: kweli, wekundu ukawaka. Basi nikapika tena, nikaikamulia sabuni bakuli zima la ndimu. Kumbe ndimu hula ukali wa kostiki, na pasipo ukali ule mafuta hayashiki. Siku tatu nafunua, siku tatu uji, mafuta yanaelea juu. Nikaumwaga nyuma ya choo huku natukana, kuku wakakimbia.

Mara ya tatu nikaachana na maji ya maua. Nikachukua mbegu za mzingefuri, zile nyekundu za kutilia chakula rangi, nikazipasha ndani ya mafuta kwa moto mdogo, nikachuja. Ile ikakubali. Ikatoka rangi ya papai lililoiva, ikaganda, ikakatika safi. Nikakaa nayo mkononi kama niliyejifungua tena.

Mkaza mwanangu akaigeuzageuza. "Nzuri. Lakini si waridi." Akafungua mkoba, akatoa kipaketi cha rangi ya kutilia ukili wa mikeka. "Mama, kijiko kimoja tu. Nani atajua?"

Usichana wangu nimeumalizia kwenye mikeka. Nikichovya ukili katika rangi ile, mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, wiki nzima nala kwa mikono ya mchinjaji, na ngozi yanichubuka katikati ya vidole. Nikamwambia, "Rangi ya mkeka haiingii katika sabuni yangu."

Akanuna siku mbili. Ya tatu akamleta bibi harusi mwenyewe, akamwingiza ndani, yeye mamake akabaki nje. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mke wake, kwa hiyo mimi na yeye tu wake wenza.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimetumwa," akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Bibi, wale ni watu wa kuchambua. Wakilifunua sinia wakaona rangi zisizopatana, maneno nitayasikia mimi, si nyinyi."

"Na ngozi yako ikichubuka?"

"Haitachubuka."

"Wewe umewahi kusuka mkeka?"

Akawa anachokoa ncha ya mkeka aliokalia. "Mama asema atanunua ya waridi dukani. Yako haitaingia kwenye sinia."

Nilihisi kama nimepigwa mwiko wa kifua. Wasichana wote wa nyumba hii, kisha huyu niliyemwogesha mimi tangu siku ya arubaini yake! Nikamtia kipande cha rangi ya papai mkononi. Akakinusa, akakishika kwa mikono yote miwili, mikono laini isiyopakwa hina bado.

"Bibi, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu."

"Rangi ya mkeka haiingii katika sabuni yangu."