Jaji Stancil Alishuka Peke Yake

Orville Stancil alizaliwa Carolina, Marekani, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Alisoma sheria huku akiosha vyombo hotelini, akawa mwendesha mashtaka, kisha hakimu, hadi Rais alipomteua jaji wa rufaa wa shirikisho na Seneti ikamkubali. Cheo hicho ni cha maisha. Alikikalia miaka mingi mimi nikiwa bawabu wa ukumbi, na sikumwona hata siku moja akiondoka mahakamani bila kushuka.

Ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Hoja zikiisha, majaji watatu waliteremka kutoka vitini, wakawapa mkono mawakili wa pande zote mbili, hata yule waliyekuwa wamemkamua kwa maswali. Hakuna aliyeuliza inachukua dakika ngapi.

Kisha wakaja hawa wa siku hizi, waliosoma kuliko akili zao, wanaoona aibu kutazamana na mtu wanayemhukumu. Rufaa tisa kati ya kumi wakazimaliza kwa kusoma karatasi tu.

Ya Verna Maynard nayo ilikuwa iende hivyo. Mumewe alichimba makaa ya mawe hadi mapafu yakajaa vumbi, akafa akihema kama samaki nchi kavu. Kampuni ikakataa kumlipa mjane pensheni.

"Karatasi zinatosha, Mzee Orville," alisema Jaji Rusk, mdogo wa wale watatu, pale mlangoni kwangu. "Huyo mama atatuongezea nini? Machozi?"

"Mimi nina swali. Karatasi haijibu."

"Kesi zimejaa hadi darini. Unataka tulale hapa?"

"Ukilala hapa, kijana, angalau tutakuona kazini."

Kwa sheria, jaji mmoja akigoma kuamua kwa karatasi, lazima kesi isikilizwe ukumbini. Stancil aligoma. Mama Maynard akaja kwa basi kutoka milimani, akakaa benchi la mbele na kofia yake ya kanisani.

Stancil alimgeukia wakili wa kampuni. "Daktari wenu alimpima marehemu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alitazama picha za kifua."

"Hakumsikia akikohoa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi naye alimhukumu kwa karatasi."

Rusk alitazama saa. Hoja zilipokwisha, yeye na mwenzake walipenya nyuma ya pazia kama wezi wa kuku. Stancil akashuka peke yake, ameshikilia ukingo wa ngazi. Akawapa mkono mawakili wote wawili. Mama Maynard, asiyejua desturi, akasimama nyuma yao na kunyoosha mkono wake.

"Si wewe, mama," wakili wake alimnong'oneza, akimvuta kiwiko.

"Mwache," alisema Stancil, akaushika mkono ule.

Hukumu ikatoka: wawili dhidi ya mmoja. Mjane akakosa. Stancil aliandika maoni ya kupinga, mazuri, lakini maoni ya kupinga hayapashi nyumba moto wakati wa theluji. Watu hunisifia wema wake nami huchoka kuwasikiliza. Wema ulimpa yule mama mkono. Pensheni ilihitaji kura mbili.

Asubuhi ile hukumu ilipotoka nilikuwa na Stancil na Rusk kwenye lifti.

"Umeona?" alisema Rusk. "Bila kumsikiliza tungefika palepale."

"Mngefika," alijibu Stancil. "Ila sasa unaijua sura yake."

Rusk akabonyeza kitufe cha ghorofa yake mara ya pili, ingawa taa yake ilikuwa imekwisha kuwaka.