Dola Mia Niliyoihesabu Mara Tatu

Nichekeni tu, nimeyataka mwenyewe. Hapa Tukuyu nina tovuti tatu: ya bei za viazi, ya mpira na ya mapishi ya ndizi. Baba mkwe wangu wa Kyimo aliziita kazi ya wavivu. Juzi nilifungua ukurasa wa mapato ya matangazo wa kila tovuti, kila mmoja ukaonyesha dola mia. Nikamwita mzee, nikamgeuzia kompyuta, kifua mbele.

“Baba, dola mia tatu!”

Mke wangu, Tusekile, akainama kusoma. “Baba Anna, mbona kote wameandika ‘jumla ya tovuti zote’? Si mia ileile?”

Nikatamani ardhi inimeze. Mzee akacheka mpaka machozi, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

“Dola mia kwa kuandika bei ya viazi? Mkwe wangu, hongera!”