Neno Bibi katika Jalada la Mkimbizi

Nilimwahidi mteja wangu, fundi seremala aliyekimbia vita mashariki ya Kongo, kwamba hatorudishwa alikotoka kwa kuitwa mwongo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika uwakili, na kwa kweli sikujua ahadi hiyo nitaitimiza vipi. Ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa na amri ya kumwondosha nchini imeshatolewa. Katika mahojiano ya kwanza alisema wenye silaha walimuua bibi yake. Katika ya pili, mkewe. Afisa akaandika kuwa mtu asiyejua nani aliyeuliwa nyumbani kwake haaminiki.

Nikaupinga uamuzi huo mahakamani, nikatunga hoja kwamba kiwewe huvuruga kumbukumbu. Ilikuwa hoja iliyopangika vizuri, lakini kwa kuiandika nilikuwa nimeshakubali kuwa mtu wangu amejichanganya.

Siku mbili kabla ya kesi, wakili mkuu wa ofisi yetu ya Mlandege, mjini Unguja, mama wa makamo mzaliwa wa kijiji cha Makunduchi, alilisoma jalada, kisha akataka nimwite mteja kutoka Kiembe Samaki alikopanga chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hebu nambie, kwenu bibi ni nani?"

Fundi alilishangaa swali. "Bibi? Ni mama ya watoto wangu."

"Na aliyemzaa mama yako?"

"Huyo alikufa zamani, kwa ugonjwa."

Wakili akanigeukia. "Umesikia? Nyie wa mjini mnadhani Kiswahili kimezaliwa Shangani! Mie nlipoletwa skuli mjini kutoka shamba, kila nikifungua mdomo kwa lahaja ya kwetu, darasa zima linacheka. Tangu hapo mtu akisema neno, namuuliza kwao lina maana gani."

"Nimekosea, Bi Mkubwa."

"Hukukosea peke yako. Ifute hiyo hoja ya kiwewe. Huyu hajasahau kitu."

Mahakamani wakili mkuu hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwita shahidi, mkalimani aliyezaliwa mkoa mmoja na fundi, naye akaapa kuwa kwao bibi ni mke. Kisha wakili akamwomba Mheshimiwa Jaji asome upya maelezo yote mawili, neno kwa neno, akiitia maana hiyo. Jaji aliyasoma. Mahojiano mawili yakawa kisa kimoja. Alitengua uamuzi, akazuia fundi asiondoshwe, akaamuru ahojiwe upya akiwapo mkalimani.

Nimesoma sheria kwa miaka minne, na bado sijaona ufundi unaoushinda ule wa kuuliza swali dogo kwa heshima.

Nje ya mahakama fundi alimshika wakili mikono miwili, akilia. "Mama, sasa wataandika vizuri kwamba walimuua bibi yangu."

"Wataandika, mwanangu. Na mie ntakuwepo."

Nakuomba, msomaji: mgeni akikueleza lililomkuta, kwa Kiswahili cha kwao, muulize maneno yake yana maana gani kabla hujayaandika.