Kozi ya Mume Wangu Ilichaguliwa na Mjomba

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, hodi humu ndani. Ninaandika nimekasirika, ila chumvi sitatia. Anayebisha aje Iguguno, atanikuta.

Mume wangu alikuwa kibarua wa kambi ya barabara. Hesabu anazipenda kama wengine wanavyopenda ngoma.

Mwaka jana Mzungu msimamizi wa kambi alimwambia achague. Kozi ya barabara na madaraja, miaka mitatu Dar es Salaam, bila mshahara, arudi msaidizi wa injinia. Au kozi ya injini za magari, miezi michache Dodoma, mshahara unaendelea.

Tukachagua madaraja. Mimi nafundisha shule ya misheni, mtoto wetu asingelala njaa.

Lakini sisi Wanyiramba, mjomba wa mtu ana sauti kuliko baba yake. Huondoki bila ruhusa yake. Tukaenda, shikamoo zikapita, pombe ya mtama ikaletwa.

"Miaka mitatu?" mjomba akacheka. "Mpwa wangu, daraja unalila na mboga gani? Nenda kwenye injini."

Nikasema, "Mjomba, samahani, hiyo ya madaraja..."

"Mwalimu, hapa si darasani. Ongeza pombe."

Wazee wakacheka. Mume wangu akatazama chini. "Sawa, mjomba."

Njiani nikamuuliza, "Umemeza ulimi?"

"Mama Elia, yule ni mjomba wangu. Ningemjibu nini?"

Akaenda Dodoma. Akarudi, akapewa lori bovu la kambi. Siku moja anawasha injini kwa hendeli, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono, hendeli ikarudi kwa nguvu, ikamvunja mkono wa kulia. Hospitali ya Singida walimfunga plasta, lakini mfupa umeunga vibaya. Vidole havikunjiki. Kambi imemwachisha kazi.

Wiki iliyopita mjomba alikuja na kuku kutupa pole. Akala, akanawa, akasema kwa upole kabisa:

"Basi, mpwa wangu, sasa si uende ile ya madaraja?"

Wakuu, nilinyanyua ule mkono wa mume wangu nikauweka mbele yake. "Ramani za madaraja atazichora na nini, mjomba?"

Akasema sina adabu. Mume wangu naye akaniambia niombe radhi.

Sijaomba.

Vijana mnaotaka uinjinia, chagueni wenyewe kwanza, kuaga kufuate. Nanyi mnaosema nimevunja mila, andikeni hapa hapa. Nitasoma zote.